Uzi: Plaizi za kumenyea waya, ipi inafaa kazi za kila siku huku Kusini? Nimejaribu nne, moja imenishangaza

Fundi wa Mikindani

Kuchele wakuu,

Huku kwetu minada ya korosho ikianza, simu ya fundi umeme haipoi. Mtu ameezeka mwaka juzi, nyumba imekaa na popo, leo kapata hela anataka taa ziwake Jumamosi. Unafanya kazi mbiombio, mchana unakula ming'oko umesimama, na waya unaumenya kwa chochote kilicho karibu na mkono.

Sasa mwezi uliopita nimeitwa Naliendele, nyumba niliyoifunga mwenyewe. Mama mwenye nyumba ananiambia taa ya sebuleni ina jini: ukibonyeza swichi inawaka, ukiondoa kidole inazima. Nimefungua swichi, nimevuta kidogo tu waya wa moja na nusu, yaani wa milimita 1.5 za mraba, ukabaki mkononi. Shaba ilishakatika siku nyingi, ganda ndilo lililokuwa limeishikilia. Nikausogeza dirishani kwenye mwanga. Pale ulipokatikia kuna mstari mwembamba unaong'aa, umezunguka waya karibu robo tatu. Jini gani anaacha alama ya meno ya plaizi?

Jumapili nikakaa barazani na mabaki ya waya wa moja na nusu na wa mbili na nusu, yote ya uzi mmoja mzima. Nikamenya vipande ishirini kwa kila plaizi, halafu kila kipande nikakikunja huku na huku pale kilipomenywa mpaka kikatike. Wanangu walidhani baba kachanganyikiwa.

Plaizi ya kawaida, ile tunayong'ata nayo kidogo kisha tunavuta, imeniaibisha. Kuna vipande vilivyokatika mkunjo wa pili. Miaka yote hii najisifu nina mkono mwepesi.

Ya bastola, ile unayobana mara moja inashika na kuvuta yenyewe, kwa waya mpya ni raha, haikuacha mkwaruzo hata mmoja. Lakini nilipoipa kipande cha waya wa zamani kutoka nyumba moja ya Shangani, ganda gumu kama ukucha, iliteleza mara tatu ikaacha vidoti vya meno juu ya ganda. Na pua yake ni pana, ndani ya boksi la swichi haiingii. Ukishakuwa na waya mfupi ukutani, umekwama.

Ya matundu, nimeipata kwenye mtumba wa vifaa, imeandikwa Klein, ina namba 10 hadi 18. Hapa ndipo niliposhangaa. Nilitegemea ndiyo ishinde, maana tundu ni tundu, haling'ati zaidi ya kipimo chake. Kumbe imekwaruza karibu vipande vyote vya moja na nusu! Nilitumia tundu la 16, maana ndilo lililokuwa linashika ganda vizuri.

Ya nne ni ya kuazima, Knipex ya Ujerumani, ya rafiki yangu anayefunga paneli za swichi. Inakata, inakunja, ina matundu ya kumenyea yaliyoandikwa kwa milimita za mraba, na ina sehemu ya kubania vikofia vya shaba kwenye ncha za waya. Haikukwaruza. Tatizo ni bei yake, unanunua mbuzi na chenji inabaki.

Swali langu: hii ya matundu imekwisha makali au ni ya kughushi? Na je, nichange hela ya Mjerumani au kuna njia ya katikati?

Kibanda cha Ligula

Fundi anakiri kosa lake mbele ya watu. Mkuu wewe kweli ni wa Mtwara?

Mzee wa Saba Ishirini na Tisa

Mwanangu, hujambo. Mimi nimeanza kazi hii wakati waya unaitwa kwa nyuzi zake. Taa ilikuwa tatu ishirini na tisa, soketi saba ishirini na tisa, maana yake nyuzi saba, kila uzi unene wa sehemu 29 za elfu za inchi. Milimita zilikuja baadaye, tukaambiwa saba ishirini na tisa sasa inakuwa mbili na nusu. Wenzangu wengine mpaka leo dukani wanaomba kwa jina la zamani, vijana wa kaunta wanawatolea macho.

Nimemenya kwa kisu maisha yangu yote na sijaitwa kwa jini. Kisu hakina kosa, kosa ni kukizungusha. Ukizungusha kisu kwenye waya kama unakata muwa, lazima uiguse shaba. Mimi nakilaza, nachonga kama penseli, ganda linakuwa na mteremko, shaba inabaki salama. Ukiona pingili, ule mkato unaozunguka shaba, ujue fundi alizungusha.

Fundi wa Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa. Ila nyumba ina ncha za waya zaidi ya mia mbili, nikichonga penseli mia mbili mama atahamia mwakani.

Mzee wa Saba Ishirini na Tisa

Marahaba. Sisi walikuwa wanahamia mwakani.

Dada Fundi Lindi

Kaka, kabla hujailaumu plaizi yako: hizo namba 10 hadi 18 ni za nini?

Siyo milimita. Ni geji ya Kimarekani, AWG, na huenda kinyume, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Waya wa geji 16 una unene wa milimita 1.29. Waya wetu wa moja na nusu, ukiwa wa uzi mmoja, una unene wa milimita 1.38. Kwa hiyo ulikuwa unaupitisha mtu mnene kwenye mlango mwembamba, lazima achubuke. Tundu lako ni la 14, ambalo ni waya wa 1.63. Litaonekana limelegea kidogo, lakini ganda litakatika vizuri tu, mwishoni linachanika lenyewe ukivuta.

Mbili na nusu ya uzi mmoja ina 1.78, hiyo peleka tundu la 12, yaani 2.05. Ikiwa ni ya nyuzi saba inakaribia 2.01 kwa jumla, bado inapita humohumo kwa 12 lakini kwa tabu, usiipindishe plaizi wakati wa kuvuta. Nne ya mraba peleka kwenye 10.

Angalia pia plaizi yako, pande mbili za matundu zina namba tofauti. Upande mmoja ni za waya mzima, upande mwingine za waya wa nyuzi. Tundu ni lilelile, jina ndilo linalobadilika. Watu wengi wanasoma upande usio wao.

Fundi wa Mikindani

Dada, nimetoka kuichukua kwenye begi sasa hivi. Kweli! Kushoto 10 hadi 18, kulia 12 hadi 20. Miezi minane natembea nayo na sijawahi kujiuliza kwa nini kuna namba mbili kwenye tundu moja.

Na tena kuna matundu madogo mawili karibu na bawaba, yameandikwa 6-32 na 8-32. Niliwahi kukatia skrubu ya soketi humo ikagoma kuingia, nikailazimisha, ikatoka imeharibika mshono.

Dada Fundi Lindi

Hayo ni ya skrubu za Kimarekani. Zetu za soketi na swichi ni M3.5. Unene karibu ni uleule, ila hatua ya mshono, nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, si moja, ndiyo maana iligoma. Skrubu ndefu zikatie na msumeno wa chuma, au nunua fupi.

Kibanda cha Ligula

Hapo ndipo ninaposema, kifaa kinajengewa nchi yake. Ukikileta kwetu lazima ukifundishe Kiswahili.

Sola Newala

Nawasalimu kutoka uwanda wa juu. Mtoa mada, umeionea plaizi ya bastola. Umeipima kwa boksi la swichi, ambako siyo kwake.

Mimi kazi yangu ni sola, vijijini huku hadi Nanyumbu. Waya wa paneli ni wa nne au sita za mraba, nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, na ganda ni mawili, gumu, linatengenezwa kuvumilia jua. Ukilimenya kwa meno ya plaizi ya kawaida unakata nyuzi bila kujua. Nyuzi kumi zikienda, umeshapunguza waya. Sasa tafsiri yake kwenye sola ni moto, kwa sababu ni umeme wa moja kwa moja, cheche ikianza haikati yenyewe kirahisi kama ya TANESCO.

Ya bastola nimeiweka kile kizuizi chake cha urefu, kila ncha inatoka urefu uleule, naingiza kwenye pini ya konekta nabana. Niko juu ya bati la moto, mkono mmoja umeshika kenchi. Nikichonga penseli kama mzee wangu hapo juu nitashuka kama embe.

Ila onyo. Zile sehemu za kubania zilizo kwenye mpini wa bastola si za konekta za sola. Ni za vikofia vyenye ganda la plastiki, vyekundu, vya buluu na vya njano. Nimeona mtu kabania humo pini ya sola, imekaa kama chapati, wiki ya pili konekta imeyeyuka.

Fundi wa Mikindani

Nimekubali, nimeipima pasipo pake. Ila hebu niambie, springi yake inakudumu muda gani? Yangu ina miezi sita tu na imeshaanza kulia.

Sola Newala

Huku juu hatuna chumvi, bwana. Wewe unaishi na bahari.

Mtu wa Msimbati

Hapo sasa mmenigusa. Mimi niko hatua chache na maji, jua linatua natazama. Kila kifaa chenye springi kwangu kina mwaka mmoja wa kuishi nisipokitunza. Chumvi haiingii kwa maji, inaingia kwa upepo wa usiku wakati begi liko wazi barazani.

Ninachofanya: jioni napangusa na kitambaa kikavu, natia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba na moja kwenye springi, nafungua nafunga mara kumi, napangusa yanayobaki. Usitie grisi, inashika mchanga, halafu mchanga unakuwa msasa. Na usifungie vifaa ndani ya mfuko wa plastiki, vinatoka jasho humo. Nguo ya kanga kuukuu ni bora.

Kwa sababu hiyo mimi ni mtu wa matundu. Plaizi ya matundu ina bawaba moja na springi moja, ikianguka kwenye mchanga naigonga kwenye goti naendelea. Ya bastola ina vipande vingi vinavyoteleza juu ya vingine. Kimoja kikishika kutu, yote imekuwa uzito wa kuzuia karatasi.

Kijana wa Chikongola

Wakuu mimi ndio kwanza nimetoka VETA, natembea na kaka mmoja kama saidia fundi. Nina elfu 15. Ninunue ipi?

Kibanda cha Ligula

Nunua soda, kaa na huyo kaka yako mwaka mmoja kwanza. Natania.

Dada Fundi Lindi

Mdogo wangu, nunua ya matundu iliyoandikwa milimita za mraba. Zipo za bei yako. Usinunue kwa rangi ya mpini. Nenda dukani na vipande vyako vya waya mfukoni, moja na nusu na mbili na nusu, muombe muuzaji umenye pale pale. Halafu fanya mambo mawili.

La kwanza, funga plaizi uiangalie dhidi ya mwanga. Matundu ya pande mbili yakutane yawe duara. Za bei nafuu nyingi, duara linakuwa kama yai, kwa sababu taya moja imekaa pembeni. Yai hilo ndilo linalokwaruza.

La pili, pitisha ukucha wako juu ya shaba uliyoimenya, polepole, kutoka kwenye ganda kuelekea nje. Kama kuna pingili ukucha utakwama. Jicho linadanganyika, ukucha hapana.

Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka. Maduka yako mengi.

Kijana wa Chikongola

Asante dada. Na zile zilizoandikwa 1000V kwenye mpini, naweza kushika waya wenye moto?

Bandarini

Dogo, hapana. Na hapa naomba watu wote wasome.

Kuandika 1000V kwenye plastiki ni kazi ya mtu mwenye mashine ya chapa. Kifaa cha kweli cha kufanyia kazi kwenye umeme ulio hai kinafuata kiwango kinachoitwa IEC 60900. Kinakuwa na alama ya pembetatu mbili zinazopishana, imeandikwa 1000V, na kiwandani kila kimoja kinajaribiwa kwa volti 10,000. Ile mipini ya mpira uliochovywa, unaoweza kuuvua kama soksi, ni ya kukupa mshiko tu, siyo kinga. Na plaizi nyingi za kumenyea, hata za kampuni kubwa, zinauzwa kwa aina mbili, yenye kinga na isiyo nayo. Sura karibu moja, bei mbili.

Lakini hata ukiwa nayo ya kweli, zima meni swichi, pima kwa tesita, ndipo umenye. Kumenya waya wenye moto ili usisumbue friji ya mteja ni ujinga wa vishoka.

Kuhusu ile Knipex ya mtoa mada, mimi ninayo, ni ile ya 13 86. Matundu yake ni machache, ya 0.75 hadi 1.5 na ya 2.5, basi. Ukipata nne ya mraba ya jiko unarudi kwenye kisu. Inakata kebo hadi unene wa milimita 15. Kubania feruli, vile vikofia vya shaba, ni za 0.5 hadi 2.5. Kwa mtu wa nyumba inatosha, na ukweli inapunguza begi, maana pua yake inanyoosha waya na kukunja kitanzi cha skrubu. Kwa mtu wa paneli za swichi ni kifaa cha dharura tu, feruli mia tatu hubani kwa ile.

Kibanda cha Ligula

Feruli za nini majumbani? Mimi waya wa nyuzi nausokota, natia risasi kidogo, nafunga.

Bandarini

Mkuu, hiyo risasi ndiyo inayokuletea simu baada ya mwaka. Risasi ni laini. Ukiikaza kwa skrubu inaendelea kujitanua polepole kukwepa mgandamizo, skrubu inabaki imelegea bila mtu kuigusa. Kilicholegea kinapata joto. Feruli ni kikopo cha shaba, kinabaki pale ulipokibana. Kama huna feruli, sokota tu ufunge bila risasi, ni bora.

Kibanda cha Ligula

Mmh. Nina nyumba tatu Magomeni zenye risasi.

Fundi wa Mikindani

Karibu chamani.

Dada Fundi Lindi

Nyongeza ndogo kwa wanaotumia kebo bapa ya twini na ethi, yenye waya mbili na waya wa ardhini ndani ya ganda moja, maana humu tumezungumzia waya wa ndani ya paipu tu. Ganda la nje msilichane kwa kisu, mnachana na la ndani. Kata ncha milimita kumi tu ili ethi ionekane, ile haina ganda. Ishike kwa plaizi, ivute irudi nyuma kando ya kebo. Ethi yenyewe inalipasua ganda la nje kama uzi unavyokata sabuni, na waya mbili zinabaki hazijaguswa. Ukifika urefu unaotaka, kata ganda lililopasuka, na hiyo ethi uliyoivuta ivalishe kimpira chake cha kijani na njano. Plaizi yoyote inafanya hii kazi, hata ya babu.

Mzee wa Saba Ishirini na Tisa

Hii nilikuwa naijua, ila sikutaka kuwapa bure.

Fundi wa Mikindani

Wakuu narudi na mrejesho.

Nimerudia barazani kwa tundu la 14 na la 12, vipande ishirini ishirini. Kwa moja na nusu hakuna hata kimoja kilichokwaruzika. Nimetumia ukucha wa Dada Fundi. Kwa mbili na nusu viwili vina alama, na najua kwa nini, nilipindisha kiwiko wakati wa kuvuta. Ya uzi mmoja inataka uvute kwa mstari ulionyooka, kama unavua pete. Waya mgumu wa Shangani nao umemenyeka kwa tundu la 12, nimesukuma kwa kidole gumba juu ya taya badala ya kuvuta kwa mkono mzima.

Kwa hiyo Mjerumani nimemrudisha kwa mwenyewe. Ya bastola nimempa mdogo wangu anayefunga sola Tandahimba. Hii ya matundu nimeikwangua zile namba kwa ncha ya msumari: pembeni ya 14 nimeandika 1.5, pembeni ya 12 nimeandika 2.5, pembeni ya 10 nimeandika 4. Sura imeharibika kidogo lakini sasa inaongea na mimi.

Na jana nimerudi Naliendele bila kuitwa. Mama ananiuliza nimekuja kufanya nini, taa si zinawaka? Nikamwambia nakagua, hakuna malipo. Nimefungua swichi zote na soketi zote, moja moja, nimevuta kila waya taratibu. Ishirini na sita. Mbili zimebaki mkononi, moja ya chumba cha watoto na moja ya soketi ya friji. Ya friji ganda lilikuwa limeshaanza kuwa na rangi ya chai.

Kijana wa Chikongola

Kaka, nyumba nyingine ulizofunga zilikuwa ngapi?

Fundi wa Mikindani

Kumi na moja. Kesho naanza Mikindani, iko karibu na nyumbani. Ukiwa na nafasi njoo unishikie tochi.